Mtume, utii na hiari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye darsa yetu ya Bagamoyo

Darsa yetu hukaa Alhamisi baada ya Isha, kwenye baraza ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, si mbali na soko la samaki. Kwa muda sasa tunasoma aya zinazogusa mambo mawili: mamlaka aliyopewa Mtume (S.A.W.), na hiari ya mtu kuamini au kukataa. Maswali hujirudia, na kila anayekuja mgeni huanza palepale alipoanza mwenzake. Nimeona niyaandike majibu kama ninavyoyatoa barazani. Maana ya aya nimeitoa kwa maneno yangu, kwa wepesi, kwa hiyo soma ukiwa na msahafu karibu.

"Tafsiri ya kisasa" ndiyo nini? Mnabadilisha Kurani?

Herufi ya Kurani haibadiliki, na asiyekubali hilo hatuna la kuzungumza naye. Kinachobadilika ni swali tunaloiendea nalo. Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki 1905, na mwanafunzi wake Rashid Rida, aliyechapisha tafsiri yao katika jarida la al-Manar, waliiendea wakiuliza aya inamwelekeza vipi mtu anayeishi leo. Baadaye Fazlur Rahman (1919–1988), mzaliwa wa Bara Hindi, alishauri mwendo wa hatua mbili: rudi kwanza kwenye tukio, ujue aya ilishuka kutatua nini, kisha ichukue ile shabaha uje nayo kwenye maisha yako.

Hatua ya kwanza si mpya hata kidogo. Wafasiri wa kale wana elimu nzima ya sababu za kushuka aya. Na sisi wa pwani tulizoea zamani kwamba kusoma si kufahamu. Ndiyo maana Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1969 hakuishia kwenye aya peke yake, aliweka na maelezo.

Kwa nini mnapenda kuanza na Sura ya Ghashiya?

Kwa sababu yangu mwenyewe, kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wetu alikaa kwenye kiti cha kamba, bakora ya mpera imelala mapajani, sisi chini kwenye mkeka na Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kila mmoja akipaza lake. Nilipofika *lasta alayhim bi-musaytir* nikakwama. Ulimi haukuiweza ile herufi ya swadi. Nikachapwa tatu za mgongo, nikarudia, nikakwama tena, nikaongezwa mbili. Siku hiyohiyo niliihifadhi, na sijaisahau. Lakini ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua ninachosema: "Basi kumbusha, hakika wewe ni mkumbushaji. Hukuwekwa juu yao kuwatenza nguvu" (88:21–22). Nilichapwa ili nihifadhi kwamba Mtume hakupewa bakora.

Simlaumu sana yule mwalimu. Naye alichapwa.

Sasa tazama maneno yenyewe. Kurani inamtajia Mtume vyeo kadhaa ambavyo *hana* juu ya watu. Si *musaytir*, neno ambalo al-Raghib, mwanalugha wa zamani, analihusisha na *satri*, yaani mstari: mtu aliyesimama juu ya wengine kama anayewapigia mstari. Si *jabbar* (50:45). Sisi tunasema jabari. Si *hafidh*, yaani mlinzi, wala si *wakil* juu yao (6:107). Hilo la mwisho halihitaji kamusi. Kila aliyewahi kuwa na kesi ya kiwanja hapa Bagamoyo anajua wakili ni nani: ni anayesimama mahali pako na kusema kwa niaba yako. Imani ya mtu haina wakili, hata akiwa Mtume.

Na msikate aya katikati. Baada ya hapo Ghashiya inasema anayegeuka na kukufuru, Mwenyezi Mungu atamwadhibu adhabu kubwa. Adhabu ipo. Swali ni ya nani kuitoa, na aya imeshajibu.

Lakini Kurani inasema mara nyingi "mtiini Mtume". Amri si amri?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa hasira kidogo.

Ndiyo, utii kwa Mtume ni wajibu kwa Mwislamu. Anza na Sura ya Nisaa, aya ya 80: "Anayemtii Mtume amemtii Mwenyezi Mungu." Mahatibu wengi huishia hapo. Aya haikuishia hapo: "na anayegeuka, basi hatukukutuma uwe mlinzi juu yao." Aya moja, pumzi moja. Nusu ya kwanza inampandisha Mtume daraja ambayo hakuna binadamu anayeifikia, nusu ya pili inamvua rungu. Mimi sioni mgongano. Naona kwamba utii wenyewe wa aina hii hauwezi kuwapo ila kwa hiari. Aliyelazimishwa hajamtii Mtume, amemwogopa aliyemlazimisha.

Halafu tutazame masahaba walivyouelewa utii huo. Ibn Ishaq, mwandishi wa kale wa maisha ya Mtume, anasimulia kwamba kabla ya vita vya Badri, Mtume alipochagua pa kupiga kambi, Hubab bin al-Mundhir alimwuliza: mahali hapa ni Mungu amekuweka, hatuwezi kwenda mbele wala nyuma, au ni rai na mbinu za vita? Akajibiwa ni rai. Hubab akasema basi hapa si mahali, twende kwenye visima. Wakaenda.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Barira, kimo katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi. Alikuwa mjakazi akaachwa huru, na kwa uhuru huo akapata haki ya kumwacha mumewe Mughithi. Akamwacha. Mughithi alikuwa akimfuata nyuma njiani Madina, analia, machozi yanatiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume akamhurumia, akamwambia Barira: lau ungemrudia. Barira akauliza: "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, unaniamuru?" Akasema: "Mimi naombea tu." Akajibu: "Basi sina haja naye."

Simama hapo kidogo. Mwanamke aliyekuwa mtumwa juzi anamwuliza Mtume mwenyewe: hii ni amri au ni maombi? Na akisikia ni maombi, anakataa, na hakuna anayemwambia amekosa adabu. Nikikisimulia kisa hiki kwenye darsa ya kina mama huwa kunatokea kimya, halafu mmoja anacheka.

Na kuna ile hadithi ya mitende katika Muslim, mkusanyo mwingine wa hadithi. Mtume aliwapita watu wakitia chavua mitende jike (minazi yetu haina shughuli hiyo), akasema hadhani kama inafaa kitu. Wakaacha, mavuno yakaharibika. Akawaambia nyinyi mnayajua zaidi mambo ya dunia yenu.

Wanachuoni walilifanyia kazi jambo hili zamani. Shihab al-Din al-Qarafi, Mmaliki wa Misri aliyefariki 1285, alipambanua matendo ya Mtume: anapofikisha ujumbe na kutoa fatwa, anapohukumu kama kadhi, na anapoongoza kama imamu wa dola. Kila kofia ina hukumu yake. Karne nyingi baadaye, mwaka 1925, Ali Abdel Raziq wa Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, alikwenda mbali zaidi, akasema utume ulikuwa mamlaka ya roho na haukuwa ufalme hata kidogo. Alivuliwa daraja ya uanachuoni kwa kitabu hicho. Mimi nadhani alivuka mpaka, maana Mtume aliongoza dola ya Madina, jambo hilo halifichiki. Lakini swali lake lilikuwa halali na kumvua joho hakukulijibu.

Na "anachokupeni Mtume kichukueni, na anachokukatazeni kiacheni"?

Hashr, aya ya 7. Isome tangu mwanzo wake: inazungumzia mgao wa mali iliyopatikana kwa Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, wapewe nani, ili isiwe inazunguka kwa matajiri peke yao. Wanachuoni wengi wameipanua iwe ya jumla kwa Sunna yote, yaani mwenendo wa Mtume, na wana hoja zao. Lakini hata ukiipanua, inawasemesha walioamini. Vivyo hivyo na 4:65, "hawataamini mpaka wakufanye hakimu katika wanayogombana". Imesimuliwa kuwa inahusu ugomvi wa sahaba Zubayr na mtu wa Ansari, wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, juu ya mfereji wa kumwagilia. *Wakufanye hakimu*: wao ndio wanaomfanya.

"Hapana kulazimisha katika dini" ilishuka kwa ajili ya nani?

Kwa ajili ya wazazi. Watu wengi hudhani ilishuka kwa ajili ya maadui.

Sahaba Ibn Abbas anaeleza, na Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, ameipokea, kwamba kabla ya Uislamu mwanamke wa Madina aliyekuwa akifiwa na watoto alikuwa akiweka nadhiri: huyu akiishi, nitamlea katika Uyahudi. Banu Nadhir walipotolewa Madina walikuwamo watoto wa Ansari. Wazazi wakasema hatuwaachi watoto wetu. Ndipo ikashuka: "Hapana kulazimisha katika dini, uwongofu umekwisha pambanuka na upotofu" (2:256). Riwaya nyingine inamtaja mtu wa ukoo wa Salim bin Awf aliyekuwa na wana wawili Wakristo, akataka awalazimishe.

Kwa hiyo aya hii haikuingia kwanza ikulu wala uwanja wa vita. Iliingia sebuleni, kwa mzazi mwenye uchungu, na ikamwambia hapana. Ukiijua sababu hiyo, huwezi tena kuisoma kama adabu ya kuwafurahisha wageni.

Si imefutwa na aya ya upanga?

Wako waliosema imefutwa, yaani hukumu yake imeondolewa na aya nyingine. Al-Tabari, mfasiri wa kale, hakukubali, aliona inawahusu Watu wa Kitabu na mfano wao. Ibn Ashur wa Tunisia (1879–1973) aligeuza kabisa meza: kwake hii ndiyo iliyokuja nyuma, na ndiyo inayofuta kupigana ili watu waingie katika dini.

Aya inayoitwa ya upanga ni Tawba 5, na inahusu washirikina waliovunja mikataba. Ninachomwomba kila anayeniletea aya ya 5 ni kwamba asome na ya 6: mshirikina akikuomba hifadhi, mpe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, *kisha mfikishe mahali pake pa amani*. Hakuambiwa amsilimishe kwanza. Amsindikize. Ongeza na Hajj 40, inayosema kwamba lau Mungu asingewazuia watu wao kwa wao, yangevunjwa mahekalu, makanisa, masinagogi na misikiti. Tunaisoma aya hiyo Bagamoyo, ambako misheni ya Wakatoliki ipo tangu 1868, na kengele yake na adhana zimekuwa zikisikilizana muda wote huo.

Hukumu ya murtadi, aliyetoka katika Uislamu, je? Msituzunguke.

Hatuzunguki. Madhehebu manne ya Sunni, pamoja na Shafi ambayo ndiyo ya baba zetu pwani hii nzima, yalihukumu mwanamume aliyeritadi auawe baada ya kutakiwa kutubu. Hanafi hawakumwua mwanamke. Dalili yao kubwa ni hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari: "Anayebadili dini yake muueni." Mtu anayekuambia wanachuoni wa kale hawakusema hivyo anakudanganya kwa nia njema.

Sasa hoja za wanaolitazama upya. Kwanza, Kurani inataja kuritadi mara kadhaa na haitaji adhabu ya duniani kwa mkono wa watu. Nisaa 137 inawataja walioamini, kisha wakakufuru, kisha wakaamini, kisha wakakufuru. Mtu wa kuuawa mara ya kwanza asingepata nafasi ya mara ya pili. (Mpinzani atasema labda walitubu katikati. Sawa, lakini aya yenyewe haikutaja upanga.) Pili, katika Bukhari kuna bedui aliyempa Mtume mkono wa utii, akashikwa na homa Madina, akaja kusema: nifutie ahadi yangu. Mtume akakataa mara tatu, yule akatoka akaenda zake. Mtume akasema Madina ni kama mvukuto wa mhunzi, hutoa takataka. Hakuna aliyetumwa kumfuata. Wapo wanaosema alitaka kuvunja hijra tu, yaani kuhamia kwake Madina, si Uislamu. Hoja ina uzito, lakini sioni kuwa inaifunga kesi. Tatu, Abdallah bin Saad bin Abi Sarh aliritadi, na siku ya kufunguliwa Makka akasamehewa kwa maombezi ya Uthman.

Nne, na hapa ndipo ninapoegemea mimi: katika Madina ile, kutoka katika dini mara nyingi kulikuwa ni kuhamia kwenye jeshi la upande wa pili. Hata kabla ya nyakati zetu, Ibrahim al-Nakhai na Sufyan al-Thawri, wanachuoni wa karne za mwanzo, wamepokewa wakisema murtadi hutakiwa kutubu daima, bila muda. Na Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, aliandika kwamba ukafiri peke yake haumwagi damu ya mtu. Kinachomwaga ni kuwapiga vita Waislamu.

Wengine huniuliza kwa nini nalichokonoa, wakati Tanzania hakuna anayehukumiwa kwa hilo. Nawajibu Khartoum, tarehe 18 Januari 1985. Mahmoud Mohammed Taha, mzee wa miaka sabini na kitu, alinyongwa kwa kosa la kuritadi, na yeye alikuwa Mwislamu aliyeifasiri Kurani kwa namna iliyoiudhi serikali. Simfuati katika mengi. Lakini rungu likishawekwa mezani, si lazima aliyelishika awe anamtazama aliyetoka katika dini.

Kwa hiyo nyinyi ni wale wanaokataa hadithi?

Hapana. Umeona hapa juu nimetumia hadithi ngapi? Wako waliosema Uislamu ni Kurani peke yake. Muhammad Tawfiq Sidqi aliliandika wazo hilo mwaka 1906 katika al-Manar na akajibiwa vikali. Sisi tunabaki na Imam Shafi kwamba Sunna ni hoja. Tunachouliza ni swali la Barira: hii ni amri, au ni nini?

Mwanangu amebadili dini kwa ajili ya ndoa. Nifanye nini?

Bibi mmoja alinijia darsa ilipokwisha, wenzake wameshavaa viatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama chini. "Ustadhi, mwanangu," akasema, "kijana wangu ameolea Morogoro. Amefuata dini ya mkewe. Ndugu zangu wananiambia nimnyime radhi. Nimnyime?"

Nikamwuliza kama anampigia simu. Akasema kijana anapiga, yeye hapokei.

Nikamsomea Hud 42. Mawimbi yamepanda kama milima, safina inakwenda, Nuhu anamwona mwanawe pembeni, anamwita: "Ewe mwanangu, panda pamoja nasi." Mtoto akasema nitakimbilia mlimani. Nuhu ni mtume, ana chombo, ana wahyi, mtoto ni wake wa kumzaa. Hakuteremka kumkamata. Alimwita "mwanangu", na aliendelea kusema naye mpaka wimbi likapita kati yao. Nikamwongezea habari ya Asma binti Abubakar, ambaye mama yake mshirikina alimtembelea, akamwuliza Mtume amuunge mama huyo? Akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Mumtahina 8 inataka wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita katika dini, na mtoto wa tumbo lako aliyeoa hajakupiga vita.

Mirathi ni mlango mwingine, sikuufungua usiku ule.

Bibi akakaa kimya, akafunga vizuri kanga yake. "Mimi baba yangu alikuwa nahodha," akasema. "Mtu akiwa nje ya chombo, humwachi kumwita." Akaniaga.

Kwa upande wa pili, nyinyi mnaomsilimisha binti wa watu siku mbili kabla ya harusi kwa kumtishia kuvunja posa: mnapata jina jipya kwenye cheti. Kurani inawajua watu wanaosema wameamini na mioyoni mwao sivyo, na Sura ya Baqara imeanza kuwaeleza kuanzia aya ya 8.

Kama Mtume hakuwa mtenza nguvu, masheikh wabaki na mamlaka gani?

Ya elimu na ya kuaminika. Mfano tunao nyumbani. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka upande wa Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtumwa. Alisoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kisufi ya Qadiriya, na mpaka anafariki 1931 watu walikuwa wakija kwake kutoka mbali. Hakuwa na ukoo wa kutisha wala askari. Hakuna aliyelazimika kumfuata mtu wa asili ile katika mji uliokuwa ukipima watu kwa nasaba, na bado walimfuata.

Sheria ya nchi inasemaje?

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na imetaja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Hatujengi hoja ya dini juu yake. Ni vizuri tu kuijua.

Na watoto wa madrasa? Wasilazimishwe hata kusoma?

Malezi si ikrahi, yaani kulazimisha. Mtoto haulizwi kama anataka kuoga. Lakini bakora kwa sababu ya swadi moja, hapana. Kwetu mtoto akikwama tunamwambia maana ya aya kwanza, na mara nyingi ulimi hufunguka wenyewe.

Naweza kuja kama si Mwislamu? Na wanawake?

Karibuni. Kina mama hukaa upande wa ndani wa baraza na sauti inafika, asiyesikia aseme. Wasio Waislamu huja, wengine huuliza maswali magumu kuliko yetu. Kahawa ipo, kashata mlete. Mvua ikinyesha tunaingia ukumbini, na hapo nafasi ni ndogo, kwa hiyo wahini kabla mikeka haijajaa.